Mawakala wa safari na orodha zenu za "lazima uone" Ureno: dhahabu ya Kilwa mmeiruka kwa nini?

Wakuu, heshima mbele. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiyependa povu apite kimya kimya.

Nimerudi kutoka Ureno. Nililipia kifurushi cha wakala mmoja wa hapa Dar (jina nalihifadhi, sitaki kesi, tuliokuwa kwenye lile kundi la WhatsApp tunajuana), kimepewa jina la "Ureno: vivutio vya lazima". Viza ya Schengen peke yake ni euro 90, na wakikunyima hairudi hata senti. Weka nauli, weka hoteli, weka bima, halafu weka posho ya mwongozaji anayezungumza Kiswahili, ambaye kumbe kazi yake ni kuhesabu vichwa na kutusomea Wikipedia kwenye simu. Kwa hela ile mtu unategemea aliyepanga ratiba awe angalau amefungua tovuti ya mahali anapokupeleka.

Belém Jumatatu! Mtu mzima, mwenye ofisi na leseni ukutani, kakaa kaandika "Jumatatu: Belém". Kwa wasioijua Lisbon, Belém iko magharibi mwa jiji, kando ya mto Tagus. Ndiko iliko monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa 1501, na ule Mnara wa Belém uliosimama ukingoni mwa maji. Vyote viwili viko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1983, na vyote viwili Jumatatu hufungwa. Makumbusho mengi ya taifa kule ni hivyo hivyo, si siri ya jeshi, imeandikwa waziwazi. Tukashuka kwenye basi, tukakuta milango imefungwa, tukapiga picha za ukuta. Mwongozaji anasema, "Uzuri wake huu ni wa nje jamani." Wa nje? Kisha tukapelekwa kula vile vikeki vya mayai na maziwa, kwenye duka linalooka tangu 1837, na hapo sina neno baya: vya moto, unga wa mdalasini juu, ngozi ya chini inakatika kwa mlio. Nilikula mpaka hasira ikapoa. Ikarudi Sintra.

Sintra ni mji wa milimani, kama dakika 40 kwa treni kutoka Lisbon. Kule kuna Kasri la Pena, lile la rangi nyekundu na manjano mnaloliona kwenye kila tangazo, alilolijenga mfalme Fernando wa Pili karne ya 19 mahali palipokuwa na monasteri ya zamani. Tiketi yake ina saa, na saa hiyo ni ya mlango wa kasri lenyewe, si ya geti la bustani kule chini. Kutoka getini hadi mlangoni unapanda mlima, kwa mtu wa kawaida weka nusu saa. Ukichelewa imekula kwako. Haya yote yameandikwa pale pale unaponunulia tiketi. Wakala wetu akachukua tiketi za saa nne na nusu asubuhi, halafu akatupandisha treni inayofika Sintra saa nne kasoro dakika kumi. Bado hujapanga foleni ya basi la 434, ambayo siku ile ilizunguka kona ya stesheni!

Kulikuwa na mama mmoja kwenye kundi letu, mguu unamsumbua. Alipanda ile njia ya mawe kashika mkongojo mkono mmoja na bega langu mkono wa pili, kila kona anauliza, "Mwanangu, bado?" Tukafika mlangoni. Kijana wa pale akapitisha kifaa chake juu ya tiketi, kikawaka taa nyekundu. Akatuonyesha saa iliyochapwa kwenye karatasi, akatuonyesha saa ya mkononi mwake, akanyoosha mkono kuelekea bustanini. Sina ugomvi naye, anafuata utaratibu. Ugomvi wangu ni na aliyetuuzia muda usiowezekana. Tulipomwandikia wakala kwenye kundi, alijibu kwa zile emoji za mikono miwili imekutana. Tatu. Hakuna neno hata moja.

Na hapo hapo jirani, juu ya kilima cha pili, kuna ngome ya kale ya Waislamu waliotawala eneo lile hadi 1147. Kuta zake zinapanda na kushuka juu ya majabali, siku ile foleni yake ilikuwa ya watu wachache, na ukiwa juu unaliona kasri lote mbele yako. "Haimo kwenye kifurushi." Haya.

Lakini wakuu, uzembe wa ratiba tumeuzoea, nisingefungua uzi kwa hilo tu. Kilichonikera ni orodha yenyewe. Mawakala, na nyinyi wenye chaneli za safari mnaojiita wataalamu wa Ulaya, wote mna orodha moja. Ni ile ile, mpangilio ule ule, mmekopi kwa Wazungu mkabandika. Tramu namba 28 ya Lisbon: mnatuambia tupande, hamtuambii kwamba mchana inajaa mpaka mlangoni na wezi wa mifukoni wanaifahamu kuliko madereva wake. Lifti ya Santa Justa, ya 1902, mita 45: watu wanakaa foleni kwenye jua wakati ukizunguka kwa miguu hadi uwanja wa Carmo unatokea juu kule kule. Na pale Carmo kuna kanisa lisilo na paa, liliporomoka kwenye tetemeko la Novemba 1, 1755, lililouangusha mji karibu wote, kisha bahari ikapanda, kisha moto. Mbavu zake za mawe bado zimesimama wazi hadi leo. Hilo nalo tulilipita tunakimbizwa kwenye lifti.

Kule Porto ndiyo kichekesho kamili. Tumekata tiketi kuingia duka la vitabu la Lello, la 1906, ngazi nyekundu, zuri kweli, kwa sababu mwongozaji anasema yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za mtoto mchawi ndipo alipopatia mawazo yake. Mwandishi mwenyewe alishasema hadharani mwaka 2020 kwamba hajawahi kukanyaga pale. Sasa wewe unatusimulia nini? Stesheni ya São Bento iko mwendo mfupi kutoka hapo, kuta zake zina vigae kama 20,000 vya buluu na nyeupe alivyovichora Jorge Colaço, bure kabisa, unaingia kama abiria tu. Tulipewa muda wa kwenda chooni.

Sasa sikilizeni.

Lisbon kuna jumba la Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Ndani yake kuna chombo cha dhahabu kinaitwa Custódia de Belém. Wenzetu Wakatoliki watakielewa haraka, ni monstransi, ile ya kuonyeshea Ekaristi. Kimo chake sentimita 73. Mitume 12 wanapiga magoti kukizunguka kioo, kila mmoja na sura yake, na nguo zao zimetiwa rangi za enameli. Kazi yenyewe inahusishwa na sonara Gil Vicente, ilikamilika 1506. Na dhahabu yake ni ya Kilwa. Kilwa hii hii ya kwetu, Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi.

Mwaka 1502 Vasco da Gama, kwenye safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa na meli za mizinga, akamwambia Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, alipe kodi kwa mfalme wa Ureno, la sivyo mji unaharibiwa. Ikalipwa. Kiasi kinachotajwa ni mithkali 1,500 (mithkali ni kipimo cha zamani cha uzito wa dhahabu). Gama akaifikisha Lisbon 1503, mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru itengenezwe chombo hicho, baadaye akakiachia monasteri ya Jerónimos kwa wasia. Wala hawakuficha: maandishi yanayozunguka kitako yanasema mfalme amekifanyiza kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Ukiinama kidogo unaliona jina. Na kulipa hakukuisaidia Kilwa kitu, maana mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi kubwa la meli, akauteka mji, akajenga ngome, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Chombo kilikuwa bado kwa sonara.

Nimekiona kwa sababu nililiacha kundi siku ya hiari ya kwenda madukani. Nilisimama pale kwenye kioo muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kunitupia jicho. Watalii wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka. Nikamwonyesha mama mmoja wa Kifaransa kwenye ramani ya simu Kilwa ilipo, akashangaa. Na mimi nikashangaa zaidi nilipotoka nje: lile jumba limekaa juu ya barabara inayokwenda Belém! Tramu ya 15 inapita chini yake. Basi letu lilipita chini yake siku ya Jumatatu ile, mwongozaji akitusomea historia ya vikeki.

Nilimuuliza jioni hotelini. Akasema kwanza hajawahi kusikia, pili haimo kwenye ratiba, tatu "Watanzania hawapendi makumbusho." Nani kawauliza Watanzania? Mmewahi kuwaambia kuna dhahabu ya Kilwa kule, wakasema hapana, tupelekeni madukani?

Baadaye nilirudi Belém peke yangu. Kanisa la Jerónimos lina foleni yake na ua wa ndani wa monasteri una foleni yake, watu wanakosea na kusimama saa nzima pasipo pao, kwa hiyo uliza kwanza. Kaburi la Vasco da Gama liko humo kanisani karibu na mlango, la mawe, kalala mikono kifuani. Mtu tuliyemsoma shuleni, 1498, Mombasa hakupokelewa vizuri, Malindi wakampokea, nguzo yake ipo Malindi mpaka leo. Ukivuka barabara kuelekea mtoni kuna ule mnara mkubwa wa kuwasifia mabaharia, wa mwaka 1960, enzi za Salazar, dikteta wao. Chini yake kuna dira kubwa ya mawe na ramani ya dunia yenye meli na miaka, watoto wanakimbilia juu yake. Zawadi ya Afrika Kusini, mwaka huo huo wa 1960. Mnajua Afrika Kusini ipi, ile ya makaburu. Haya yote mtu wa pwani akitembezwa na anayejua angerudi na habari ya kusimulia mwaka mzima. Sisi tumerudi na sumaku za friji.

Na si Kilwa tu. Hapo Lisbon, si mbali na reli za tramu 28 yenu mnayoipenda, kuna mtaa unaitwa Rua do Poço dos Negros. Mwaka 1515 mfalme huyo huyo Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa wa Kiafrika, kwa sababu zilikuwa zinaachwa ovyo mjini. Leo ni mtaa wa mikahawa. Ukishuka kusini hadi Lagos (ya Ureno, si ya Nigeria), mwaka 2009 walipokuwa wanachimba maegesho ya magari walikuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 kwenye jalala la zamani. Lagos mlitupeleka. Tuliona mapango ya baharini.

Ninachotaka ni kidogo. Ratiba iandikwe na mtu anayejua siku za kufunga. Tiketi zenye saa zinunuliwe na mtu aliyewahi kupanda mlima. Na kama mteja wako anatoka Tanzania au Kenya, orodha yako ianze na yanayomhusu, hayo mengine ya picha tutayakuta njiani.

Naomba kuwasilisha.

NYONGEZA: Naona majibu yamekuwa mengi, nijibu kwa mkupuo.

Mnaosema "umeenda kulipia kaburi la mkoloni": ua ule ndio una tiketi, kanisani sikulipa, na hata kama ningelipa, hela ni yangu. Ukitaka kumlaani mtu vizuri nenda umwone.

Anayeuliza kama dhahabu irudishwe: hiyo ni mada kubwa, fungua uzi wake nitakuja na mkeka.

Mnaotaka kwenda: kabla ya kukata tiketi ya ndege, angalieni kwanza tovuti ya makumbusho yale na ya Mnara wa Belém, maana kule ukarabati hauishi na vyumba hufungwa kwa miezi. Jumatatu kaeni na vikeki vyenu.

Dada wa Mombasa uliyesema hata mawakala wenu wako hivyo hivyo, pole, karibu kwenye chama.

Na wewe uliyenifuata inbox usiku huu, unaniomba niufute uzi halafu unipe punguzo la safari ya Hispania: uzi haufutwi. Mrudishie kwanza yule mama hela yake ya Pena.