Malindi hadi Gongoni kwa baiskeli, kwenda na kurudi siku moja

Swali: Assalaam aleikum. Mimi wa Lamu, kwetu njia ni za punda. Mwezi wa saba nataka kuendesha Malindi hadi Gongoni, nirudi jioni. Nipite ufuoni maji yakitoka, au barabarani?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Barabarani. Mto Sabaki utauvukia darajani, mchanga wa ufuoni utakula miguu yako bure. Lakini hofu yangu ni upepo. Julai ni kusi: kwenda utasukumwa mgongoni hadi ujione hodari, kurudi utaupokea usoni. Mwaka jana nilikimbilia Gongoni kwa pupa, nikarudi nakokota baiskeli kuanzia Mambrui, maji yameniishia. Bakisha nguvu. Na hapo Mambrui ushuke kabisa, ukaone lile kaburi la mnara lenye vyombo vya kauri vya Kichina. Nikipita sharti nisimame.

Jibu: Gongoni ni chumvi tupu. Ukirudi osha cheni kwa maji matamu, ikauke, ndipo utie mafuta.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitaondoka baada ya sala ya alfajiri, na chupa tatu za maji.