Harufu ya kiwanda cha karatasi ipimwe dohanini au mlangoni pa jirani?

Mleta hoja, Bungoma

Hoja yangu ni kwamba kiwanda chochote kinachopika mbao kwa kemikali za salfa ili kutengeneza karatasi kilazimishwe kupima gesi zake zenye harufu usiku na mchana, dohanini na katika makazi ya majirani, na vipimo hivyo vibandikwe mahali ambapo mwananchi atavisoma bila kuandikia mtu barua. Najua wapo watakaoipinga, na ndiyo maana nimeileta hapa.

Kilichonisukuma ni kikao cha wananchi nilichohudhuria kuhusu kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Mtaalamu alisimama na ripoti yenye jalada la plastiki, akasoma kwamba vumbi la dohani lilikuwa chini ya kiwango kilichowekwa, kisha akaketi. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi la nyuma, kofia yake magotini, akauliza: "Hiyo ilipimwa saa ngapi?" Mtaalamu akapekua kurasa, akajibu kuwa ilikuwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mzee akasema, "Sisi hutuamsha saa kumi alfajiri." Watu wakacheka, ingawa mzee hakuwa anatania. Usiku usio na upepo, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ile ya juu yake, ikawa kama sufuria iliyofunikwa, na kinachotoka kiwandani hulala bondeni mpaka jua lipate nguvu. Kipimo cha mchana chaweza kuwa sahihi kabisa na bado kisimjibu mzee yule. Tena ripoti ilizungumzia vumbi, ilhali yeye aliuliza habari ya uvundo.

Upande wetu huu si wageni wa jambo hili. Kiwanda cha Pan African Paper Mills cha Webuye kilianza kutoa karatasi miaka ya 1970, kwa ubia wa Serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper Mills ya India na shirika la fedha la Benki ya Dunia, IFC. Wasafiri wa barabara ya Eldoret kwenda Malaba waliijua Webuye kwa pua kabla ya kuiona kwa macho, na malalamiko ya mabati kuliwa na kutu yaliandikwa magazetini mara nyingi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la kampuni za Rai. Naitaja kama historia ya mji, simshtaki aliye nacho leo.

Mfanyabiashara, Webuye

Ndugu mleta hoja, umeandika vizuri, lakini umeipita 2009 kwa haraka mno. Mwaka ule uvundo ulipungua na vyumba vya kupanga vikabaki vitupu. Kila mtambo mnaotaka ununuliwe una bei, na bei hiyo hutafutwa kwanza kwenye mshahara wa kibarua. Sipingi kupima. Nauliza tu nani atalipa.

Mwalimu wa kemia, Kakamega

Kabla ya kuuliza nani atalipa, tuelewane kinachopimwa, kwa maana naona watu wengi wanasema "moshi" kana kwamba ni kitu kimoja. Vipande vya mbao hupikwa katika mtungi mkubwa wenye shinikizo, kwenye joto la nyuzi 160 hadi 170 hivi, pamoja na sodiamu haidroksaidi na sodiamu salfaidi, ili gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti iyeyuke. Hapo ndipo salfa huzaa gesi nne: haidrojeni salfaidi inayonuka yai viza, methaili makaptani inayonuka kabichi iliyooza, na ndugu zake wawili, dimethaili salfaidi na dimethaili disalfaidi. Maji meusi yanayobaki huchomwa katika tanuri la kurudisha kemikali, na tanuri hilo likiendeshwa vibaya nalo hutoa gesi hizo hizo. Vumbi na dioksidi ya salfa ni mambo mengine, yenye vifaa vingine vya kupimia.

Pua ya binadamu hunasa methaili makaptani ikiwa sehemu moja au mbili tu katika bilioni ya hewa. Kwa hiyo kunusa si sawa na kudhurika. Shirika la Afya Duniani liliweka kwa haidrojeni salfaidi mwongozo wa mikrogramu 150 katika kila mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na mwongozo wa pili wa mikrogramu 7 kwa nusu saa, huo wa pili ukiwa kwa ajili ya kero ya harufu peke yake. Anayesema kero si jambo la kisayansi aupime huo wa pili. Na anayesema pua yatosha akumbuke kwamba gesi hiyo ikifika kama sehemu 100 katika milioni, pua huzimika, na mtu hudhani hatari imepita.

Vile visanduku vidogo vya bei nafuu ambavyo vijana wanavifunga ukutani siku hizi huhesabu chembe kwa mwanga wa leza. Haidrojeni salfaidi haviioni kamwe, na ukungu wa asubuhi huvidanganya kwamba ni vumbi.

Fundi mstaafu wa vipimo, Nakuru

Mwalimu amesema kweli, ila nitamtetea kidogo yule mtaalamu wa kikaoni, kwa sababu kazi ya dohani niliifanya na si ya mchezo. Unapanda ngazi na mrija mrefu, unautia katika tundu la dohani, unauelekeza kinyume na mkondo, kisha unavuta gesi kwa mwendo ule ule inaopita nao. Ukivuta polepole kuliko mkondo, hewa hukwepa mdomo wa mrija lakini chembe nzito, kwa uzito wake, huingia tu, na hesabu inapanda isivyo haki. Ukivuta kwa kasi zaidi, hesabu inashuka. Chujio hukaushwa na kupimwa uzito kabla na baada, na kazi yote hurudiwa mara tatu, kila mara kwa saa moja au zaidi. Ni kwa nini ilifanyika saa nne asubuhi? Kwa sababu hakuna anayependa kupanda dohani gizani.

Kwa gesi za harufu, dioksidi ya salfa huondolewa kwanza kwa kuipitisha katika mchanganyiko wa sitreti, yaani chumvi ya asidi ya limau, kisha zinazobaki huchomwa katika tanuri dogo la nyuzi 800 hivi, zikageuka kuwa dioksidi ya salfa, na hiyo ndiyo inayohesabiwa. Mitambo ya kufanya hivyo mfululizo ipo. Kwa hiyo nakubali dohani ipimwe usiku na mchana.

Ninapopinga ni kuhusu mlangoni pa jirani. Haidrojeni salfaidi hutoka pia vyooni, kwenye vinamasi na kwenye mabwawa ya maji machafu ya viwanda vya sukari, na upande wenu hayo yote hayako mbali. Kipimo cha nyumbani kisichoambatana na mwelekeo wa upepo hakimtii mtu hatiani.

Lakini nitawapa siri moja ya kazi. Katika vyumba vya kompyuta za viwanda vya karatasi huning'inizwa vipande vya shaba na fedha kwa siku 30, kisha hupelekwa maabara kupima unene wa utando ambao gesi kama hizo za salfa huujenga juu yake. Utando wa shaba ukiwa chini ya angstromu 300 kwa mwezi (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), chumba huhesabiwa kuwa salama kwa vifaa vya elektroniki. Nilipokuwa kazini sikuwahi kujiuliza kwa nini tulihesabu hewa ya kompyuta kila mwezi, na ya jirani hatukuihesabu.

Mchangiaji, Kisumu

Kwa upande wa sheria, Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inasema anayekwenda mahakamani kuitetea halazimiki kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Kanuni za Ubora wa Hewa zipo tangu 2014. Kuhusu kubandika vipimo, Ibara ya 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zimeshafungua mlango, ila mwananchi ndiye anayebisha hodi. Hoja ya mleta mada inataka mlango uwe wazi tangu mwanzo, na hilo naliunga mkono.

Mleta hoja, Bungoma

Mzee wa Nakuru, shikamoo. Nalegeza kamba kuhusu jirani: kipimo cha nyumbani kisitumike kumtia mtu hatiani, kitumike kuonyesha ni usiku gani rekodi ya dohani inapaswa kufunguliwa, na kando yake kiwepo kifaa cha upepo. Mfanyabiashara wa Webuye, kwa mtambo wa dohani naona alipe anayeuza karatasi, kama anavyolipia umeme na mbao. Nakiri kwamba gharama hiyo yaweza kumfikia kibarua, na kwa hilo sina jibu zuri.

Hilo la shaba limenikosesha usingizi. Jana nimenunua bamba kwa fundi wa umeme, nikakata vipande vitatu na kuving'arisha kwa msasa. Kimoja kitaning'inia chini ya upenu wa mzee aliyeuliza saa, ambaye amekubali. Cha pili kitakwenda kwa shemeji yangu anayeishi mbali na kiwanda chochote, na cha tatu kimefungiwa katika chupa kavu ili kiwe cha kulinganishia. Ninachotafuta sasa ni maabara ya chuo itakayokubali kupima utando huo baada ya siku 30. Anayeijua aandike hapa, na atuambie bei.