Umewahi kukosa kazi kwa sababu ya unakokaa? Tupeane uzoefu

Abiria wa Alfajiri: Wakuu, nimekutana na tangazo la kazi: "wanaoishi karibu watapewa kipaumbele." Nimekumbuka mbali. Tiririkeni.

Dirishani: Usaili ulienda vizuri mpaka meneja akauliza nakaa wapi. Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi, gari la kwanza kutoka kwetu saa kumi na moja, tena unaunganisha la pili mjini. Wakanichukua kwa majaribio. Mvua ikanyesha, barabara ikafunga, nimefika saa mbili mlinzi ameshaambiwa asinifungulie. Nimesimama getini na sare yao mwilini, wenzangu wananichungulia. Ukitoa nauli, mshahara wenyewe haukuwa wa kusimulia.

Bi Hesabu: Kabisa. Nauli inakula kabla yako.

Mkweli Mtupu: Visingizio. Hamieni karibu na kazi.

Bi Hesabu: Kodi utalipa wewe? Asiye na kazi mwenye nyumba atampokea kwa lipi?

Dirishani: Mwacheni, huyo kazini anaenda kwa miguu.

Msomaji: Mwaka 1968 mchumi John Kain aliandika kuhusu Chicago na Detroit: ajira zinahamia vitongojini, Wamarekani weusi wanabaguliwa kwenye nyumba za huko, wanabaki zilikotoka. Miji mingine ni kinyume, kazi zimerundikana katikati na maskini wanasukumwa pembezoni. Ila kuhama peke yake si dawa. Kuanzia 1994 Marekani ilizipa familia maskini za miji 5 vocha za kupanga nyumba kwenye mitaa yenye umaskini mdogo. Ajira za watu wazima hazikuongezeka. Waliofaidika ni watoto waliohama wakiwa wadogo. Ukubwani walipata kipato zaidi.

Mkweli Mtupu: Sasa unaniunga mkono au unanipinga?

Abiria wa Alfajiri: Sare uliirudisha?

Dirishani: Walitaka niifue kwanza 😂

Pembezoni: Nauli ndiyo mchawi. Addis Ababa vijana walipewa nauli ya kwenda mjini kusaka kazi, wakasaka zaidi na waliopata za kudumu wakaongezeka.

Msomaji: Malizia. Baada ya miaka 4 tofauti na wasiopewa ilikuwa imeyeyuka.

Mchokozi: Mnajichosha. Kwenye wasifu andika anwani ya shangazi anayekaa mjini.

Bi Hesabu: Wakiomba uthibitisho wa makazi?

Mchokozi: Unamleta shangazi.

Mkweli Mtupu: Mimi shangazi zangu wote wanakaa mbali kuliko mimi.