Dakika 15 za sala: nianze na shukrani au mahitaji?

Mpanzi: Bwana asifiwe, wapendwa. Mtu ana dakika 15 za sala asubuhi. Shukrani zinaisha ndani ya nusu dakika, "asante kwa uhai, afya na ulinzi", zilizobaki zote ni kuomba tu. Apangeje? Na aliyefiwa naye aanze kwa kushukuru?

Mzee wa Zamu: Amina. Tazama Baba Yetu, Mathayo 6:9-13. Jina, ufalme na mapenzi ya Mungu vimetangulia. Riziki ni ya nne, ndipo msamaha na majaribu. Neno "asante" halimo kabisa, kwa hiyo anayedai sala isiyoanza na shukrani haifiki mbinguni anaongeza lake. Anayetangulia ni Mungu mwenyewe, na hapo ndipo mahitaji yanapochujwa: ukishasema "mapenzi yako yatimizwe" kwa kumaanisha, kuna maombi utayafuta kabla hujayatamka.

Shukrani zinakauka kwa sababu ni za jumla. Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mmoja unarudia kwamba fadhili zake ni za milele, lakini wametajwa humo hata Sihoni na Ogu, wafalme walioshindwa, kwa majina. Basi badala ya "asante kwa afya", sema "asante, homa ya mtoto imeshuka usiku". Chukua daftari: kushoto andika ombi na tarehe, kulia jibu na tarehe, hata likiwa "hapana". Asubuhi anzia kulia, mambo matatu, dakika 4 au 5. Safu ya kulia ikibaki tupu, kagua kwanza ya kushoto. "Bariki familia" ni ombi ambalo hata likijibiwa hutajua.

Binti Sayuni: Aliyefiwa asilazimishwe jamani. Zaburi 13 ina mistari 6: miwili ni "hata lini?", miwili ni ombi, ndipo miwili ya mwisho inafika kwenye kuimba. Zaburi ya 88 haifiki kabisa, inaishia gizani, na bado imo katika Biblia. Tena 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo", kwa Kiyunani ni "katika kila jambo", yaani ukiwa katika hali yoyote. Hakuna aliyeagizwa kuushukuru msiba.

Katekista: Angalieni na Luka 18:11. Farisayo alianza vizuri, "nakushukuru", akaharibu kwa "mimi si kama watu wengine". Shukrani ikihitaji jirani aliyekosa ndipo ikamilike, ifute.

Mpanzi: Asanteni sana. Na maombi ya wengine yakae wapi?

Katekista: Ndani ya yako. Baba Yetu inasema "utupe", si "unipe". Ukiomba kazi, mtaje hapohapo na mwingine anayetafuta. Wanaobaki wagawe kwa siku za juma, watatu au wanne kila siku. Majina 40 kila asubuhi ni kuita mahudhurio.