Eti "yule wa vinasaba ameshafika"! Huyu wakili wetu atatuua kwa aibu

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Simtaji. Ni yule yule wa ofisi ya chumba kimoja na nusu, mwenye bango kubwa kuliko mlango, na chini ya jina lake imeandikwa kwa rangi ya dhahabu: "Usiri ndio nguzo yetu." Nguzo! Labda nguzo ya bua.

Nimeingia, benchi limejaa watu saba. Nimewahesabu, maana kuanzia leo hao saba ndio wanaoishi na siri yangu. Sijafungua hata mdomo, karani akanyanyua shingo, akageukia mlango wa bosi, akapaza sauti kama dalali mnadani: "Bosi, YULE WA VINASABA AMESHAFIKA!"

Yule wa vinasaba. Ameshafika.

Kuna mzee alikuwa anasinzia, akaamka. Mama mmoja mwenye mtoto akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama mtoto tena. Mtoto simjui, naapa! Jamani, nina jina. Liko kwenye faili, liko kwenye risiti, liko kwenye nakala tatu za kitambulisho walizonidai. Hata namba ya faili wamenipa wenyewe. Kote huko karani hakuona cha kuniitia isipokuwa vinasaba.

Ngoja, bado. Nikaambiwa nijaze daftari la wageni. Limefungwa kwa kamba mezani, kila anayepita analifunua, na lina safu ya jina, ya simu, na ya "sababu ya kuja". Juu yangu nimesoma talaka mbili, mirathi moja, na mtu aliyeandika "kesi ya shemeji" akapiga mistari miwili chini yake. Shemeji mwenyewe nimeshamjua, maana namba ya aliyeandika ninayo kwenye simu. Mimi nikaandika "mazungumzo". Karani akavuta daftari, akakata, akaandika kwa wino mwekundu: vinasaba.

Wakati wa kuondoka nikapewa tarehe ya kurudi kwenye kikaratasi. Nimefika nje nikakigeuza. Nyuma yake ni kipande cha hati ya kiapo ya mtu mwingine kabisa: mshahara wake, namba ya akaunti, na aya nzima ya jinsi alivyomkuta mwenzake. Sasa najiuliza, kiapo changu kimeandikiwa tarehe ya nani?

Nimemlalamikia bosi, akacheka. "Karani wangu ni mchangamfu." Mchangamfu! YULE WA VINASABA AMESHAFIKA ndiyo uchangamfu?

Nishaurini au mnitukanie. Kutukana kuje kwanza.

Kisiki_Kikavu: Nimeshavuta kiti. Kwa hiyo majibu yalisemaje?

Mtoa mada: Kumbe benchi lilikuwa na wa nane.

UmbeaHalali: Unalia watu saba wamejua, halafu unakuja kutuambia sisi wote. Karani alikuanzishia tu, umemalizia mwenyewe.

Mtoa mada: Hapa sina sura! Kule nilikuwa na sura, na shati jipya juu.

Kanuni_Ndogo: Pole mkuu. Siri ya wakili na mteja ni mali ya mteja, wakili ni mtunzaji tu, na haifi kesi ikiisha. Karani naye anabanwa na siri hiyo hiyo, uchangamfu si utetezi. Halafu sheria za taarifa binafsi zipo. Ya Ulaya ilianza kutumika Mei 2018, Kenya wakatunga yao 2019, Tanzania 2022, na zote tatu zinaziweka taarifa za vinasaba kwenye kundi la taarifa nyeti. Ulaya na Kenya, taarifa zikivuja kwa namna ya kumhatarisha mwenyewe, msimamizi wa sheria anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72. Waandikie barua, dai nakala ya kila kitu chako walichonacho, na uulize nani amekiona.

Kisiki_Kikavu: Saa 72 za nini? Yule karani anaarifu papo hapo, tena kwa sauti.

Kidole_Juu: Mimi ni karani. Ofisi nyingine, kabla hamjanirukia. Mnatuonea. Bosi wangu amenunua kiti cha kuzunguka, skana hakununua. Kila kitambulisho, kila cheti cha ndoa, kila ripoti ya daktari naipiga picha kwa simu yangu, kwa bando langu, namtumia WhatsApp. Simu hiyo jioni mwanangu anachezea gemu. Juzi natafuta picha ya mwanangu akikata keki, nikapita kwanza kwenye wosia wa watu watatu. Nikiacha kazi kesho, simu naondoka nayo, na hakuna aliyewahi kuniambia nifute hata moja. Paswedi ya kompyuta ya ofisi imebandikwa juu ya kioo. Ni jina la ofisi.

Mtoa mada: Wewe unanitisha kuliko yule.

Kidole_Juu: Mimi angalau sipigi kelele.

Hawafiki_Kumi: Afadhali nyie. Wakili wangu aliandaa madai yangu ya talaka, akayatuma kwa mume wangu. Majina yetu yanaanza na herufi moja, yeye akabonyeza la kwanza lililotokea. Mume wangu akayarudisha amesahihisha tahajia.

Kisiki_Kikavu: Talaka ilitoka?

Hawafiki_Kumi: Ilitoka. Ila kwenye tahajia alikuwa sahihi, sitamdhulumu.

UmbeaHalali: Mume kama huyo ungebaki naye.

Mtoa mada: Jamani, mada. Watu SABA. Mzee wa watu ameamshwa usingizini kwa ajili ya damu yangu.

Bawaba: Wangu hakuvujisha kitu, ila alichukua cheti changu HALISI cha kuzaliwa akakitia panchi akifungie kwenye faili. Tundu limepita katikati ya mhuri. Sasa hivi navipeleka vyote nikavipige lamineshi.

Kanuni_Ndogo: Usithubutu! Kuna ofisi zinakataa cheti chenye lamineshi, wanataka waguse karatasi na mhuri.

Bawaba: Vitatu nilishavipiga mwaka jana.

Kidole_Juu: Kanuni anasema kweli. Mimi mwenyewe nimewarudisha watu wenye lamineshi. Bosi anasema leta halisi, mteja analia kwamba hiyo ndiyo halisi. Tumia mfuko wa plastiki wa kuingiza na kutoa.

Hawafiki_Kumi: Nimesikia inabanduka kwa pasi ya moto, ukiweka kitambaa juu.

Mtoa mada: Wakuu, naomba turudi kwa huyu wakili. Barua naiandikaje?

Kisiki_Kikavu: Yule wa vinasaba, kaa kwenye benchi usubiri zamu yako. Hawafiki, hiyo pasi iwe ya moto kiasi gani? Nina vyeti viwili hapa.