Tvheadend kwenye Raspberry Pi 3, picha inakatakata: tatizo ni antena au seva? (Moshi)

Mkazi_wa_Rau
Habari za jioni wakuu. Nina kiseva cha TV nyumbani hapa Rau, Moshi, ni Raspberry Pi 3 (kikompyuta kidogo) yenye Tvheadend (programu ya kupokea, kurekodi na kugawa chaneli), tyuna ya T2 ya USB (kifaa cha kunasa TV ya kidijitali ya antena), antena iko juu ya bati, afu sebuleni kuna Kodi (programu ya kuangalizia). Nataka chaneli za bure tu, TBC1, ITV na nyingine ambazo hazijafungwa, bimkubwa aangalie taarifa ya habari ya saa mbili na mie nirekodi mpira nikiwa kazini. Shida ni kwamba picha inavunjika vimraba vimraba, sauti inakwaruza, muda mwingine inaganda kabisa afu inaendelea. Chaneli moja ikiwa wazi inavumilika, ila ukianza kurekodi na mtu akafungua ya pili ya masafa hayohayo (masafa mamoja yanabeba chaneli kadhaa) ndo balaa. Logi (kumbukumbu za programu) imejaa "Continuity counter error". Fundi wa antena alikuja akasema ninunue antena kubwa, busta na bomba refu, na bei aliyotaja sio ndogo. Kinachonichanganya ni kwamba king'amuzi cha zamani nikikichomeka kwenye waya uleule kinaonyesha safi kabisa. Nianzie wapi?

Njiro_Linux
Usinunue kitu bado mkuu. Fungua Tvheadend kwenye brauza, poti 9981, ingia Status halafu Stream, pale kuna namba nyingi ila wewe kodolea mbili tu, Uncorrected blocks na Continuity errors, kwa sababu hizo mbili zikisomwa pamoja ndo zinakwambia upande gani ni mbovu.

Iko hivi. Mawimbi ya T2 yanakuja na data za ziada za kujirekebisha, kwa hiyo tyuna yenyewe inasahihisha makosa kabla haijaikabidhi Linux chochote, ikishindwa inaandika kwenye Uncorrected. Hapo mhusika ni antena, waya, miti, mlima. Baada ya hapo zinatoka pakiti za baiti 188 kila moja, na kila mkondo wa picha au sauti una kihesabu kinachotembea 0 mpaka 15 kisha kinaanza upya, sasa Tvheadend ikiona 6 halafu 9 inajua katikati kuna zilizopotea, ndo hiyo Continuity error yako. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, panda kwenye bati. Uncorrected ikikaa 0 huku Continuity inapanda, maana yake pakiti zimefika kwako salama zikapotelea kati ya tyuna na programu, na hapo hata ungeisimika antena juu ya Kibo haisaidii kitu.

Angalizo: draiva za baadhi ya tyuna za bei chee hazitoi hiyo namba, inabaki 0 milele. Kwa hiyo legeza kidogo kichwa cha waya wa antena nyuma ya tyuna mpaka picha iharibike, Uncorrected isipotikisika basi usiiamini. Na makosa machache unapofungua tu chaneli ni kawaida, hayo yapuuze. Hiyo habari ya king'amuzi kuwa safi inanifanya niamini kabisa bati lako halina shida.

mama_Teknohama
Naongezea hapo kwa Njiro_Linux. Kabla ya yote aandike kwenye teminali

vcgencmd get_throttled

Ikijibu 0x0 umeme uko sawa. Ikijibu 0x50000, umeme ulishawahi kushuka tangu iwashwe. Ikiwa 0x50005 basi unashuka sasa hivi tunavyoongea. Pi 3 inataka adapta ya volti 5.1 yenye ampea 2.5, ikishuka chini ya volti 4.63 inajipunguza kasi, na tyuna inayokula umeme huohuo inaweza kuacha pakiti bila kukwambia. Watu wengi wanatumia chaja ya simu na waya mwembamba wa dukani, chaja inaweza kuwa nzuri ila ule waya ndo unakula volti njiani. Hadidiski nayo unaichomeka wapi kaka? Poti zote za USB za Pi 3 kwa pamoja zina ampea 1.2 tu.

Kijenge_Juu
Mie siwezi kupuuza antena kirahisi hivyo. Hata ikiwa nzuri, taa za LED za bei rahisi na adapta mbovu zinatoa kelele zinazoingia kwenye waya wa antena, kwangu picha ilikuwa inaharibika taa ya baraza ikiwashwa tu. Ila kwenye busta nipo na nyie, busta inakuza mawimbi na kelele vyote, na kama mnara wa kurushia hauko mbali tyuna inazidiwa kabisa, hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Mkazi_wa_Rau
Asanteni sana. Nimelegeza waya kama mlivyosema, Uncorrected ikapanda mbio, kwa hiyo namba inafanya kazi. Nikakaza tena, ikatulia na haikuongezeka hata moja jioni nzima hata taa zote zikiwa zinawaka, ila Continuity ikaendelea kupanda. Jibu la komandi ni 0x50005! Chaja ni ya simu na hadidiski ya kurekodia inakula umeme wa Pi hiyohiyo. Nimeweka adapta ya ampea 2.5 yenye waya wake mnene, hadidiski nimeihamishia kwenye habu (kigawanya poti za USB) yenye umeme wake, sasa get_throttled inatoa 0x0. Kuangalia tu ni safi, bimkubwa kafurahi. Kilichobaki nikirekodi, kila baada ya muda makosa yanakuja kwa mkupuo afu yanaacha.

Njiro_Linux
Mkupuo wa hivyo nauhisi ni hadidiski. Linux haiandiki hapohapo, inalimbikiza kwenye memori ya muda (RAM) mpaka data ifikishe kama sekunde 30 ndo inaimwaga, na kwenye Pi 3 tyuna, hadidiski na hata waya wa mtandao vyote vinapita njia moja ya USB 2.0, hivyo mzigo mkubwa ukimwagwa mara moja tyuna inasubiri na pakiti zinadondoka. Iambie iandike kidogokidogo. Tengeneza faili ndani ya /etc/sysctl.d/ uweke

vm.dirty_background_bytes = 4194304
vm.dirty_expire_centisecs = 500

Kisha kwenye Tvheadend, fungua mipangilio ya tyuna, kuna sehemu ya Input buffer (kighala cha kupokelea pakiti). Kawaida ni baiti 18800, yaani pakiti 100 tu. Masafa yakibeba megabiti 40 kwa sekunde na ukayachukua yote, hizo zinajaa ndani ya milisekunde 4, prosesa inaamshwa zaidi ya mara 260 kwa sekunde. Weka 188000, iamshwe kama mara 27. Kwa kimashine kidogo hiyo ni nafuu kubwa sana.

Ukimaliza angalia kwanza faili lililorekodiwa. Likiwa safi lakini Kodi bado inaganda, basi ni Wi-Fi, kwa sababu Kodi inachukua picha kwa poti 9982 kupitia TCP (utaratibu wa mtandao unaotuma tena kilichopotea njiani), na TCP inachelewesha ila haipotezi. Hapo vuta waya wa mtandao mpaka sebuleni.

mama_Teknohama
Na usirekodie kwenye memori kadi yenye mfumo hata kama nafasi ipo, itakufa mapema.

Mkazi_wa_Rau
Nimeweka vyote viwili, nimerekodi mechi nzima huku sebuleni wanaangalia chaneli nyingine ya masafa hayohayo. Safu ya makosa kwenye rekodi inasoma 0. Fundi wa antena nimempigia nimemwambia asije.