Mrejesho: Mabaka ya mviringo mkononi mwa mama

Ndugu zangu, nilikuwa nimeomba ushauri kuhusu vipele vilivyojipanga kama pete kwenye mgongo wa kiganja cha mama yangu, ambavyo dawa ya fangasi haikuvibadilisha hata kidogo. Nawashukuru sana mliosisitiza akatwe kinyama cha kupima, kwa kuwa ndicho kilichotoa jibu: ni granuloma anulare, ugonjwa usioambukiza.

Daktari wa ngozi alipitisha kidole ukingoni mwa pete, akatuonyesha kwamba umeinuka na ni mgumu kidogo, lakini juu yake ni nyororo, ilhali fangasi kwa kawaida huacha magamba. Hata hivyo hakutegemea macho pekee, na naona alifanya vyema, kwa sababu kifua kikuu cha ngozi na ukoma navyo hujenga granuloma, yaani vifundo vidogo vya seli za kinga. Sehemu ya kinyama ilioteshwa maabara na nyingine ikatiwa rangi maalumu za kutafuta bakteria na fangasi, hakuna kilichoonekana. Chini ya hadubini, seli za kinga zilikuwa zimezingira kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) iliyoharibika, na katikati yake kulikuwa na musini, ute ambao kwa kawaida haupatikani katika sakoidosisi, ugonjwa mwingine wa granuloma tuliokuwa tukiuhofia.

Eksirei ya kifua na kipimo cha sukari vilikuwa sawa. Kwa kuwa mabaka ya aina hii mara nyingi huisha yenyewe, tumekubaliana kusubiri bila dawa, hasa kwa vile hayamwashi wala hayawezi kuwaambukiza wajukuu.